Bunduki Mpya Mikononi: Maswali ya Walinzi na Wamiliki wa Kharumwa

Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, Mkoa wa Geita, na imezungukwa na dhahabu. Upande mmoja kuna mgodi wa Bulyanhulu, upande mwingine migodi ya Geita, na katikati yamejaa maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe usiku na mchana, na mitambo ya kuchenjulia. Mali hiyo inalindwa. Wapo walinzi wa kampuni, wapo wafanyabiashara wenye leseni zao binafsi, na wapo vijana waliopita JKT au mgambo wakaajiriwa kulinda geti kwa sababu tu waliwahi kushika silaha. Wengi wao siku moja hukabidhiwa bunduki iliyotoka kwenye boksi, ikiwa bado inanuka mafuta ya kiwandani, na kuambiwa waanze zamu jioni ileile.

Hilo la kuanza zamu jioni ileile ndilo ninalolipinga hapa. Bunduki mpya bado haijulikani. Haijafunguliwa, haijasafishwa, haijapigwa kwa risasi zitakazotumika kazini, na aliyeishika hajui itafanya nini ikikwama. Maswali yanayofuata ni yale yanayoulizwa sana na watu wa kazi hii, na majibu yake yanawahusu pia majirani wasioshika silaha kabisa, kwa kuwa risasi ikitoka vibaya haichagui mtu.

Nilipita JKT, naifahamu SAR vizuri. Naweza kuinunua yangu?

Hapana. SAR, ambayo vijana wa JKT na mgambo wameifungua na kuifunga hadi kuizoea, ni bunduki ya kijeshi ya nusu otomatiki. Ilibuniwa na Mrusi Sergei Simonov, na Wachina wakaanza kuitengeneza ya kwao mwaka 1956. Hubeba risasi 10 ndani ya magazini isiyochomolewa, na kila ukivuta triga hupiga moja kisha hujikoki yenyewe. SMG, ndugu yake, hutumia risasi za aina ileile lakini yenyewe inaweza kumimina mfululizo.

Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki silaha nyepesi za kivita, bunduki za otomatiki, bunduki za nusu otomatiki za aina hiyo na bunduki za rashasha. Kwa hiyo mtu akikufuata machimboni akasema anayo SAR safi, imeletwa kutoka mbali, bei ya kuelewana, ujue anakuuzia kesi. Kumiliki silaha bila leseni kunashtakiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kosa hilo limeingizwa katika orodha ya makosa ya uhujumu uchumi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, adhabu ya makosa ya uhujumu uchumi ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30.

Raia wengi wenye leseni humiliki bunduki ya marisau, ile ambayo walinzi huiita shotigani, au bastola. Shotigani zipo za kukunja, zipo za pampu ambazo mtu huvuta mkono wa mbele kila baada ya risasi, na zipo za nusu otomatiki. Sehemu kubwa ya makala hii inazihusu hizo. SAR nitairudia mahali pamoja, kwa sababu ina funzo kwa yeyote anayepokea silaha mpya.

Leseni yenyewe hupatikanaje?

Safari huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa, ambako watu wanakujua kwa tabia, si kwa karatasi. Maombi hupanda hadi kata, wilaya na mkoa kupitia kamati za ulinzi na usalama, kabla ya kufika kwa Msajili wa Silaha aliye ndani ya Jeshi la Polisi. Mwombaji huchunguzwa akili timamu, historia ya makosa, ulevi, na kama amefundishwa kutumia silaha. Usilipie bunduki dukani kabla kibali hakijatoka. Na ukishaipata, hakikisha namba iliyochongwa kwenye chuma inalingana na iliyoandikwa kwenye kitabu chako cha leseni, tarakimu kwa tarakimu. Mwaka 2016 serikali ilipoendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, namba ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kutazamwa, na ndivyo itakavyokuwa kila askari atakapokusimamisha.

Silaha ya kampuni ni ya kampuni. Mlinzi huibeba akiwa kazini, huirudisha ghalani zamu ikiisha, na haendi nayo nyumbani Nyijundu au Bukwimba hata kama geti liko karibu na kwake.

Imetoka kwenye boksi. Nianzie wapi?

Anza kwa kuhakikisha haina kitu chemba. Mpya si hoja. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haimdhuru mtu, toa kidole kwenye triga, fungua bolti, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole upapase. Ikiwa ni usiku, kidole ndicho cha kutegemea.

Halafu safisha. Viwanda hupaka bunduki girisi nzito ili isishike kutu melini na ghalani, na girisi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kupigia risasi. Ikikaa kwenye tundu la gesi, bunduki ya nusu otomatiki itashindwa kujikoki. Ikikaa ndani ya chemba, ganda litang'ang'ania. Ikikaa ndani ya bolti, mambo huwa mabaya zaidi, na hapo ndipo SAR inapotufundisha. Pini ya SAR nyingi haina springi ya kuirudisha nyuma. Iko huru ndani ya bolti na inapaswa kuteleza. Girisi ya ghalani ikiganda humo, au kutu ikaingia, pini hubaki imetokeza mbele. Bolti ikijifunga, pini hiyo hugonga risasi kabla hujagusa triga, na bunduki hupiga moja, mbili, au magazini nzima bila kusimama. Imeshatokea mara nyingi duniani kwa bunduki za aina hiyo zilizotolewa ghalani na kupelekwa moja kwa moja kupigwa. Ndiyo maana fundi wa silaha hutoa bolti ya SAR, huisafisha mpaka ndani, kisha huitikisa karibu na sikio: pini lazima isikike ikicheza.

Kwa shotigani, futa girisi yote kwa kitambaa na mafuta mepesi ya silaha, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu mara kadhaa, kisha angalia mwanga kutoka upande wa chemba. Kipande cha karatasi ya kufungia, mfuniko wa plastiki uliosahauliwa mdomoni mwa mtutu, au tope lililoingia wakati wa kusafirishwa kwa bodaboda, chochote kati ya hivyo kinatosha kupasua chuma. Soma kitabu kilichokuja nayo. Kama kimeandikwa kwa Kituruki au Kiingereza na hukielewi, mwambie aliyekuuzia akufafanulie ukurasa wa kufungua na kufunga kabla hujaondoka dukani.

Je, mtutu mpya unahitaji kuzoeshwa?

Wapo wapiga shabaha duniani wanaofuata taratibu ndefu: piga moja, safisha, piga moja, safisha, hadi risasi kadhaa. Wanafanya hivyo kwa bunduki zenye mistari ndani ya mtutu, wakitafuta usahihi wa kiwango cha mashindano, na hata wao kwa wao hawajakubaliana kama inasaidia. Kwa shotigani ya mlinzi, ambayo mtutu wake ni laini ndani, sioni sababu ya kujichosha na taratibu hizo.

Kinachohitaji kuzoeshwa ni vyuma vinavyosuguana na springi zake, pamoja na mtu mwenyewe. Bunduki mpya ya nusu otomatiki huweza kuwa nzito kidogo mwanzoni. Springi bado ngumu, nyuso bado zina mikwaruzo ya kiwandani. Risasi dhaifu zenye baruti kidogo hazitoi nguvu ya kutosha kuirudisha bolti nyuma, na hivyo watengenezaji wengi hushauri kuanza na risasi zenye nguvu ya kawaida au zaidi, kwa idadi ya makumi, kabla ya kuihukumu. Jaribio hilo hufanyika katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, chini ya askari au mkufunzi, kwa utaratibu ambao Mkuu wa Polisi wa Wilaya ndiye wa kuulizwa. Halifanyiki nyuma ya karasha, wala porini kuelekea Kahama. Na kupiga hewani kwa sababu mtu amepata dhahabu au ameoza binti ni kosa, maana kila kilichopanda kitashuka kwenye paa la mtu.

Ukiwa hapo uwanjani, pigia karatasi kubwa ukiwa umbali wa mita 10, kisha mita 20. Watu wengi wanaamini marisau hufunika eneo lote mbele. Kwa mtutu usiobanwa mdomoni, kadirio la kawaida ni kwamba marisau hutanuka kama sentimita mbili na nusu hadi tatu kwa kila mita. Mita 20 ni kama nusu mita ya upana au zaidi kidogo. Upana huo unatosha kumkosa mwizi na kumjeruhi mama aliyekuwa anapita na ndoo kando yake. Mlinzi akiliona hilo kwenye karatasi, atafikiri mara mbili kuhusu geti linalotazamana na njia ya sokoni.

Na vaa kinga ya masikio. Mlio wa bunduki huvuka desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja tu unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Wachimbaji wengi wameshaathiriwa na kelele za makarasha na kompresa. Hawana masikio ya ziada.

Risasi yoyote ya shotigani inafaa?

Hapa naomba msomaji atulie. Mtutu wa shotigani hutajwa kwa namba ya geji, na inayotumika sana ni geji 12. Ipo pia geji 20, ambayo ni nyembamba. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwa bahati mbaya ndani ya bunduki ya geji 12, huteleza ikapita chemba na kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Mtu huvuta triga, kimya. Hufungua, haoni kitu, hudhani alisahau kuweka risasi. Huweka ya geji 12 nyuma yake na kupiga. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto, pale hasa kiganja kilipo. Kwa sababu ya ajali hiyo viwanda hutengeneza maganda ya geji 20 kwa rangi ya njano. Ukiona risasi ya njano kwenye mfuko wa bunduki ya geji 12, itoe, na uulize imefikaje humo.

La pili ni urefu. Ubavuni mwa mtutu pameandikwa urefu wa chemba, mara nyingi milimita 70 au 76. Risasi ya milimita 76 huingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 70, na hilo ndilo linalodanganya. Urefu ulioandikwa ni wa ganda likiwa limeshafunguka. Likipigwa, mdomo wake hufungukia mahali mtutu unapoanza kubana, na mgandamizo hupanda kupita kiasi.

La tatu ni hali ya risasi. Zilizokaa masika nzima kwenye banda la mabati huvimba, au vitako vyake vya shaba hushika kutu ya kijani, na hizo ndizo zitakazokwama chemba siku ya shida. Usizipake mafuta ukidhani unazilinda. Mafuta hupenya kwenye kitako na kuua kiwashio chake. Na hapa kwetu nasisitiza: bunduki na risasi zisikae chumba kimoja na baruti na fataki za kulipulia miamba. Vilipuzi vina sheria yake, ghala lake na mtu wake mwenye cheti. Nimeona stoo za maduara ambako vyote vimelala chini ya kitanda kimoja cha mlinzi, pamoja na jiko la mkaa.

Nimevuta triga, haikulia. Nifanye nini?

Usifanye chochote kwa nusu dakika. Baki umeielekeza palepale, mahali salama, kidole nje ya triga. Zipo risasi ambazo kiwashio chake kimegongwa lakini baruti ikachelewa kushika, na hulipuka baada ya kitambo. Mtu aliyeishusha akaanza kuitazama mdomoni ndiye anayeumia. Hesabu taratibu hadi 30, kisha fungua bolti huku uso wako ukiwa kando, toa risasi, iangalie kitakoni. Kama kuna alama ya kina ya pini, kosa ni la risasi. Kama alama ni hafifu au hakuna, kosa ni la bunduki: pini imevunjika, springi imechoka, au girisi ile ya kiwandani bado imo. Risasi mbovu isitupwe jalalani ambako watoto huokota vyuma chakavu. Irudishe ghalani, iandikwe, ikabidhiwe polisi.

Hali nyingine ni mlio dhaifu, kama pafu, bila teke la kawaida begani. Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haitishi. Mtu huona afadhali imelia, na hukoki tena. Lakini huenda baruti haikuwaka yote, na mzigo wa marisau, au kizibo chake cha plastiki, umebaki katikati ya mtutu. Risasi inayofuata itakuta ukuta. Mlio ukiwa dhaifu, kazi imekwisha. Toa risasi zote, bunduki iende kwa fundi, hata kama ni saa tisa usiku na umebaki na rungu na filimbi.

Ganda likikwama dirishani limesimama wima, au likibaki chemba, weka usalama, toa magazini kama inatoka, vuta bolti kwa nguvu mara moja au mbili. Lisipotoka, acha. Usichomeke fito kutokea mdomoni huku kifua chako kikiwa mbele ya mtutu, na usiigonge kitako chini. Na ikitokea umevuta triga mara moja zikatoka mbili, bunduki hiyo isipigwe tena na mtu yeyote mpaka fundi aifungue.

Lakini hii yangu inakwama kila mara, na ni mpya!

Kwa shotigani ya pampu, mtazame kwanza mtu. Mlinzi mgeni, hasa akiwa na hofu, hurudisha mkono wa mbele nusu njia badala ya kuuvuta mpaka mwisho. Ganda halitoki, jipya halipandi, na bunduki inasingiziwa. Dawa ni mazoezi kwa risasi bandia zisizo na baruti, kuvuta mpaka isikike ikigonga nyuma, kusukuma mpaka ijifunge.

Ya nusu otomatiki ina mengi zaidi. Nyingine huchukua gesi ya baruti kupitia tundu dogo kwenye mtutu, gesi ikasukuma pistoni, pistoni ikarudisha bolti. Tundu likiziba, au pete ya pistoni ikirudishwa kinyume baada ya kusafishwa, haiwezi kujikoki. Nyingine hutegemea teke lenyewe, na hizo hutaka kitako kikazwe begani. Aliyeishika kwa ulegevu, labda ameigemeza kwenye mfuko wa mawe, hulinyonya teke lote, na bolti haifiki mwisho. Kabla ya kuilaumu bunduki, badilisha kitu kimoja kimoja: kwanza aina ya risasi, halafu mpigaji, halafu usafi. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kilichoponya.

Hata majeshi makubwa yameumizwa na silaha mpya. Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilipeleka Vietnam bunduki mpya ya M16. Askari waliaminishwa kwamba haihitaji kusafishwa sana, na vifaa vya kusafishia vilikuwa haba. Baruti iliyotumika kwenye risasi ilikuwa imebadilishwa na kuwa nyingine, ikaacha uchafu mwingi, na chemba haikuwa imepakwa kromu ya kuzuia kutu katika unyevu ule. Maganda yakawa yanakwama katikati ya mapigano, na askari wakafa. Mwaka 1967 kamati ya bunge lao chini ya Richard Ichord ilichunguza na kulaumu namna mradi ulivyoendeshwa. Chemba zikapakwa kromu, vifaa vya kusafishia vikasambazwa, na jeshi likachapisha kitabu kidogo cha katuni kilichochorwa na Will Eisner ili kila askari, hata asiyependa kusoma, ajue kuitunza. Walianza na chuma wakamalizia na mafunzo. Mwenye kampuni ya ulinzi aliyetumia fedha kununua bunduki na akabana fedha ya kitambaa, brashi na siku moja ya mkufunzi, anarudia kosa lilelile kwa kipimo chake.

Vumbi la hapa nitaliwezaje?

Vumbi la karasha ni unga wa mawe yenye kwatzi, nalo ni kali kuliko vumbi la barabarani. Likikutana na mafuta mengi hugeuka kuwa tope la kusagia vyuma. Kwa hiyo paka mafuta kidogo, ya silaha, kisha futa hadi ubaki utelezi tu. Oili chafu ya injini ina vipande vya chuma ndani yake. Mafuta ya kula hugeuka gundi. Dizeli huondoa uchafu lakini haibaki kulinda. Mlinzi aliye karibu na karasha aifute silaha kila zamu, aliye mjini kila wiki, na yeyote aliyepiga hata risasi moja aisafishe siku hiyohiyo. Baadaye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa risasi zina risasi kweli, yale madini yenye sumu.

Fundi wa kuchomelea pale stendi anaweza kuitengeneza?

Ukanda huu una heshima ya zamani ya uhunzi. Warongo wa misitu ya Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe ya Wasukuma vizazi vingi kabla ya mgodi wowote wa kisasa. Ufundi huo siudharau hata kidogo. Lakini chuma cha chemba kimepikwa kwa joto maalumu ili kihimili mgandamizo, na moto wa kuchomelea hukilegeza bila kuacha dalili ya nje. Zaidi ya hayo, kutengeneza silaha bila kibali ni kosa kwa fundi, na kumwachia silaha asiye na leseni ni kosa kwa mwenye nayo. Ipeleke polisi wilayani, uandikishe tatizo, uelekezwe kwa fundi wa silaha anayetambulika. Kukata mtutu ili bunduki iingie kwenye begi usilifikirie kabisa.

Kwa nini ajali hutokea wakati wa kukabidhiana zamu?

Kwa sababu watu wawili wamechoka au wana haraka, mmoja anasema haina kitu, mwingine anaamini. Utaratibu usiwe wa maneno. Weka pipa lililojaa mchanga kando ya kibanda, limelala kidogo. Anayetoka huelekeza mtutu kwenye mchanga, hutoa risasi moja moja, hufungua bolti, hutazama na kupapasa. Anayeingia hurudia yote mwenyewe, hata kama ameona kwa macho yake. Risasi zinahesabiwa na kuandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya silaha, saa na sahihi zote mbili. Daftari hilo ndilo litakalomwokoa mlinzi mwaminifu siku risasi moja itakapopungua. Na kamwe silaha isitundikwe ukutani ikiwa imejaa ili kijana wa chai aisogeze anapofagia.

Mzee wetu ameacha bunduki ndani. Tufanyeje?

Kama ilikuwa na leseni, leseni hiyo ilikuwa yake, hairithiwi pamoja na ng'ombe. Msimamizi wa mirathi awataarifu polisi, silaha ihifadhiwe huko, na mtoto anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe kuanzia kijijini. Akikataliwa, familia itaelekezwa namna ya kuiuza kwa mwenye kibali au kuisalimisha.

Kama ni gobore lisilo na karatasi, jambo ni zito zaidi, na yapo mengi vijijini. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukashamiri, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Kahama na Shinyanga wakaunda sungusungu. Wale wazee walikabiliana na wezi wenye bunduki kwa upinde, mishale na mwano, yaani yowe la kuitana, uliovuka kijiji hadi kijiji. Wengine, hata hivyo, walijitafutia gobore la kufua la kulinda zizi, na limebaki darini hadi leo, pengine likiwa na baruti ya mwaka usiojulikana, iliyoshindiliwa ndani. Usilivute triga kujaribu, wala usilipakie kwenye bodaboda kulipeleka mjini, kwani ukikamatwa njiani utakuwa mtu mwenye silaha bila leseni. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha kwa hiari, kama kile cha kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Oktoba 2022, na kikitangazwa kingine kitumieni siku ya kwanza. Nje ya kipindi hicho hakuna ahadi ya msamaha, kwa hiyo mshirikisheni mwenyekiti wa kijiji na, mkiweza, wakili. Liacheni mahali lilipo, wazuieni watoto wasiingie chumba hicho, toeni taarifa kituoni au kwa namba 112, na waacheni polisi walifuate wenyewe.